Kibonge Agoma kwa Sista

Kwa miaka thelathini na minne Sista alikuwa mkubwa wa wodi ya wazazi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kumshinda kunywesha. Waliozaliwa kabla ya wakati aliwanywesha. Wavivu, wenye usingizi, wenye hasira za babu zao, wote walikunywa. Mwanamke alifika kwake analia kwamba hana maziwa, akaondoka blauzi imelowa na uso unacheka. Hata alipostaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Sista, kuanzia mwenye duka hadi mwanawe wa kumzaa, ambaye neno "mama" alilitumia akiwa na shida tu.

Sasa mchukue mtu huyo, na heshima zake zote, halafu ashindwe na mjukuu wake mwenyewe. Ndiyo habari yenyewe, na mnaotaka kucheka chekeni mapema, kwa sababu mbele huko hakuchekeki sana.

Mjukuu alikuwa na miezi minne na mashavu yaliyokaribia kulala mabegani, kwa hiyo jina lake la nyumbani likawa Kibonge. Alikuwa hajui chakula kingine zaidi ya titi la mama yake. Huyo mama, mkamwana wa Sista, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mashati, na kazi yake ilikuwa kola. Kola asubuhi, kola jioni, mpaka akikutana na mtu njiani anamtazama shingo kabla ya uso. Likizo yake ya uzazi ilibakiza wiki moja. Ikiisha, atatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, na katikati hapo Kibonge atapaswa kunywa maziwa yaliyokamuliwa, kwa kikombe, mikononi mwa bibi yake.

"Mwachie Sista," alisema baba mtoto kwenye simu. Yeye alikuwa fundi umeme, na mwezi ule alikuwa mji mwingine anavuta nyaya kwenye jengo jipya. Ushauri wake wote ulikuja kwa simu, na wote ulikuwa huo huo.

Mkamwana alikubali, ila kwa sharti, na sharti lenyewe alilisema kwa upole huku anakunja nepi. "Tujaribu wiki hii mama, mpaka Ijumaa. Akikataa kabisa, atakuwa anashinda kwa mama yangu. Pale ni jirani na kiwanda, saa ya chakula nitavuka barabara nimnyonyeshe."

Lilikuwa neno la akili. Lakini Sista aliielewa hesabu yake. Mtoto ataondoka alfajiri amelala, atarudi jioni amelala, na yeye atabaki anamjua mjukuu wake kwa mkoromo. Mwingine ndiye atakayeona jino la kwanza. Na huyo mwingine, lo, ni Mama Makaa.

Basi Sista aliingia kazini. Alipiga mistari kwenye karatasi ngumu akaibandika ukutani juu ya friji: saa, kiasi, nepi zilizolowa, maoni. Akamfundisha mkamwana kukamua kwa mkono ndani ya bakuli la kioo, maziwa yakaingia kwenye vikopo vyenye vifuniko, kila kikopo na tarehe yake. Vikombe vilichemshwa, na baada ya kuchemshwa vikasuuzwa kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ile ya chupa ya kahawia aliyoizoea wodini. Mikono yake nayo aliiosha humo humo, hadi viwiko. Mwisho akavaa gauni lake jeupe la kazi. Hakuna aliyemwambia alivae, lakini lilikuwa limepigwa pasi, na mtu na kazi yake.

Mtoto akimnusa mama yake hatazami kikombe, hilo Sista alilijua kuliko yeyote. Kwa hiyo mama mtu alitolewa nje ya nyumba, akapelekwa kukaa kwa msusi, mlango wa nne kutoka pale, mpaka atakapoitwa.

Jumatatu Sista alimkalisha Kibonge mapajani, akamfunga kitambaa shingoni, akaweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akausubiri ulimi. Ulimi haukuja. Kibonge alikitazama kikombe, akamtazama bibi yake, akakunja uso kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Kisha akajipinda mgongo akatoa kelele iliyofika mpaka kwa msusi.

"Siku ya kwanza hata daktari hupigiwa kelele," Sista alimwambia mkamwana wake, aliyerudi mbio huku amejishika kifua.

Jumanne alijaribu kijiko. Alimwimbia, akambembeleza, akamkemea, akamwombea. Maziwa yaliingia kwenye shingo, kwenye sikio, kwenye mfuko wa gauni jeupe, kila mahali isipokuwa tumboni. Kwenye safu ya maoni aliandika: Amegoma. Msusi alikuja kuchungulia mlangoni akasema mganga hajigangi, na Sista akamwambia akasuke.

Jumatano, katikati ya vita ya tatu, aliingia Mama Makaa.

Mama Makaa alikuwa mama mzazi wa mkamwana, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia wateja, ambaye aliuza makaa kwenye banda lake kwa miaka ishirini na kitu. Kucha zake zilikuwa na mstari mweusi usiotoka hata azisugue namna gani. Yeye na Sista walipendana kama wakwe wanavyopendana, kwa mbali na kwa adabu. Siku hiyo alikuja na kigunia cha makaa begani. Sista alipikia gesi, na Mama Makaa alilijua hilo, lakini alisema huwezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu.

"Pole mkwe," alisema, akisikiliza yale makelele. "Nipe na mimi nijaribu."

"Unawe kwanza," alisema Sista, akamsogezea beseni la maji ya dawa.

Mama Makaa aliinamia beseni, akanusa, akapiga chafya. Akatoka zake hadi bomba la uani, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akajisugua muda mrefu. Kisha akachukua kikombe kidogo cha chai kilichokuwa kinakauka kwenye kichanja cha vyombo, akamimina maziwa, akambeba mtoto hadi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Hapo alimkalisha uso ukiwa nje, mgongo kwenye tumbo lake, ili aone jirani anavyoanika nguo. Kitambaa cha shingoni hakufunga. Wala hakumtazama. Alianza kupiga soga na jirani juu ya vibanio vya nguo siku hizi vinavyovunjika hovyo, na mkono wenye kikombe ukapanda taratibu mpaka mdomoni kwa mtoto, kama mtu aliyesahau anachofanya.

Sista alisikia kabla ya kuona. Alisikia koo dogo likimeza. Funda la kwanza. La pili. Halafu ulimi ukatoka wenyewe kulamba ukingo.

Mtu mwema hapo angeshukuru Mungu. Sista alikuwa mtu mwema, na hakushukuru. Roho ilimuuma kama aliyebanwa kidole na mlango, akasimama pale jikoni na kitambaa chake mkononi, ameona wivu mpaka masikio yanamwasha. Tusiupake rangi, ulikuwa wivu. Yeye ndiye aliyemwogesha mtoto huyu tangu kitovu hakijakatika. Yeye ndiye aliyekesha naye kwenye mafua. Leo anakuja mtu na vumbi lake la makaa, hata saa nzima hajakaa, na mtoto anafungua mdomo. Aliutazama ule ukucha mweusi karibu na ule mdomo mwekundu, na kwa dakika moja, Mungu amsamehe, alitamani mtoto apaliwe.

"Amelamba tu," alisema.

Mama Makaa aligeuza kikombe juu chini. Hakikudondosha kitu.

"Mkwe, usinielewe vibaya," alisema, na sauti yake aliishusha jirani asisikie. "Mimi nadhani ni ile dawa. Kikombe kinanuka hospitali. Na mikono pia. Mtoto anadhani anataka kudungwa sindano."

"Kinanuka usafi," alijibu Sista.

Lakini alijua papo hapo kwamba ni kweli. Miaka thelathini na minne aliwakataza wanawake wasijipake manukato kifuani, akawaambia mtoto anakula kwa pua kabla ya mdomo. Alilisema hilo mara elfu. Kulisikia kutoka kwa muuza makaa ndiko kulikomshinda, na akalitema kama Kibonge anavyotema kijiko.

Mkamwana aliporudi na kukuta kikombe kitupu, alimrukia mama yake shingoni. Walicheka wote wawili, kicheko kimoja, meno yale yale. Kisha akamgeukia Sista, bado anafuta macho. "Basi mama, naona Jumatatu itabidi tu..."

"Tulisema Ijumaa," alisema Sista. "Leo ni Jumatano."

Alhamisi alikuwa na nafasi ya kuyamaliza. Ilikuwa kazi ya sabuni na maji tu, na mlango wa nyuma kufunguliwa. Ukaidi ni kitu kibaya, jamani. Sista alikisuuza kikombe kwenye maji ya dawa mara mbili badala ya moja, akafunga mlango wa nyuma, akavaa jeupe lake. Alitaka Kibonge anywe kwake, kwa njia yake, na si kwa njia ya mtu mwingine. Kibonge akagoma.

Saa nne asubuhi alikuwa amesimama mbele ya sinki na kikombe kilichojaa. Ukutani karatasi ilikuwa inamtazama, safu ya kiasi tupu tangu Jumatatu, ila ule mstari mmoja wa Jumatano wenye mililita themanini ambazo si zake. Alikiinamisha kikombe. Maziwa yalizunguka tundu la sinki, yakaingia. Akafungua bomba kidogo. Halafu akachukua kalamu akaandika: Saa nne, mililita tisini. Amekunywa yote.

Wodini aliwahi kumrudisha nyuma mwaka mzima mwanafunzi wa uuguzi aliyejaza joto la mgonjwa bila kupima. Binti wa watu alilia, akapiga magoti, na Sista akamwambia kwamba kalamu ya muuguzi mwongo huua. Siku ile hakumkumbuka, au alimkumbuka akamfukuza.

"Amekunywa?" aliuliza mkamwana mlangoni.

"Soma mwenyewe."

Mkamwana alisoma, akaishika mikono ya Sista, ile ile yenye harufu, akaibusu. Akampigia mama yake simu kwa sauti ya wazi ili wote wasikie. "Hongera sana mkwe," sauti ya Mama Makaa ilijaza chumba. "Nilijua ni kuzoeana tu. Mikono yako si ya kushindwa." Hakukuwa na kejeli hata chembe ndani yake, na hilo ndilo lililomkera Sista kuliko kejeli.

Mchana ule alimwaga kikopo kingine, na Ijumaa viwili. Kibonge aliporudishwa kwa mama yake alinyonya kama aliyetoka jangwani, na Sista akasema mtoto huyu ana tamaa, ametoka kunywa sasa hivi. Wakacheka. Jumamosi na Jumapili mkamwana alikaa kwenye kiti cha jikoni anakamua ya wiki. Si kazi ndogo. Anabana, anaachia, anabana, meno yameshika mdomo, na nusu saa inapita maziwa hayajafunika kitako cha bakuli. "Yanatoka kidogo," alisema, "lakini kwa vile anayapenda, siumii." Sista alikuwa anamenya vitunguu, na kwa bahati mtu anayemenya vitunguu haulizwi machozi.

Jumatatu ya kazi ikafika. Kibonge alinyonya saa kumi na moja alfajiri, mama yake akaondoka.

Sista alikuwa amekwisha kuamua, usiku kucha, kwamba ujinga basi. Aliimwaga ile dawa ya chupa ya kahawia chooni. Akanawa kwa sabuni ya kufulia, akachukua kikombe cha chai, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kwenye ngazi, mtoto uso nje. Gauni jeupe aliliacha ndani. Alifanya kila kitu kama alivyomwona mwenzake akifanya, hadi kupiga soga na jirani.

Kibonge alikiona kikombe akaanza kulia kikiwa bado mbali. Siku tano za kulazimishwa zilikuwa zimemfundisha: bibi huyu pamoja na kikombe ni shari. Sasa hata harufu haikuwa neno. Akafunga mdomo, akageuza uso, akasukuma kwa mikono yote miwili, na kadiri njaa ilivyozidi ndivyo alivyozidi kukataa. Sista alilijua na hilo. Mtoto mwenye njaa kali hajifunzi kitu, anagombana tu.

Saa nne simu iliita. Mkamwana alikuwa amejificha stoo ya vifungo, akikamua katikati ya maboksi. "Amekunywa, mama?"

"Amekunywa," alisema Sista.

"Ahsante. Basi nina amani."

Saa tano nepi ilikuwa kavu. Saa sita ilikuwa kavu. Saa saba Kibonge alinyamaza, lakini si kwa kuridhika. Alikuwa amechoka, amelala mdomo wazi, na ulimi wake haukung'aa. Sista alipitisha kidole utosini kwake kama alivyopitisha kwenye tosi za watoto wa watu, akasikia pamebonyea kidogo. Kidogo tu. Angemwona mama yeyote amekaa na mtoto wa hivyo, angemfokea mpaka kuta zisikie.

Alichukua simu akakaa nayo. Akimpigia mkamwana, uongo unaanguka. Akimpigia Mama Makaa, unaanguka vile vile, tena mbele ya mtu ambaye kwa ajili yake ulitungwa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imeishia kwenye kiti cha jikoni. Mficha uchi hazai. Maneno hayo alimwambia kila binti aliyebana magoti kwa aibu kwenye kitanda cha kujifungulia, na sasa magoti yaliyobana yalikuwa yake. Alimtazama Kibonge kifua kinavyopanda na kushuka. Akapiga.

"Mkwe," alisema, "njoo. Mtoto hajanywa."

Mama Makaa alifika kwa pikipiki, aproni imejaa vumbi, hata mlango hakuubisha.

"Mara ya mwisho amekula saa ngapi?"

"Alfajiri. Kwa mama yake."

"Na Alhamisi, zile mililita?"

Sista alitazama sakafu.

"Na Ijumaa?"

"Nilimwaga."

Mama Makaa alimtazama. Alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalimpita usoni, moja baada ya jingine. Kisha akaenda bombani kunawa. Alimchukua mtoto bado amelala nusu, akatembea naye uani polepole, akimdondoshea maziwa mdomoni kwa ncha ya kijiko, tone, anasubiri, tone. Ilichukua karibu saa nzima. Tone likawa nusu kijiko, nusu kijiko ikawa ukingo wa kikombe, na mwisho Kibonge akakishika kikombe chenyewe kwa viganja viwili. Alikunywa kikopo kimoja, akadai cha pili. Saa tisa na nusu nepi ilikuwa nzito. Sista aliishika ile nepi mkononi akalia.

Mkamwana alirudi akiwa bado na nyuzi za kola kwenye nywele, akashtuka kumwona mama yake. "Mama, kuna nini?"

"Kuna nini tena? Nimepita kusalimia," alisema Mama Makaa, akijifunga aproni. "Mwanao kashiba. Mkwe wangu kamnywesha, tazama shavu hilo. Mimi naenda, banda nimemwachia jirani."

Ikawa basi. Kila alichokitaka Sista kilikuwa kimewekwa mbele yake, tena bure, na aliyekiweka ni yule yule. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Mkamwana alikuwa ameshamkumbatia, kichwa begani kwake. "Leo nimeshona kola mia tatu," alisema. "Sikukosea hata moja. Kwa sababu najua yuko na wewe."

"Hajawahi kunywa kwangu," alisema Sista.

Mkamwana aliinua kichwa.

"Hata funda moja, mwanangu. Anayemnywesha ni mama yako, Jumatano na leo. Alhamisi na Ijumaa nilimwaga. Na leo nilipokwambia amekunywa, alikuwa hajanywa kitu tangu uondoke."

Mama Makaa alikuwa mlangoni na mkono kwenye kitasa.

"Ulimwaga wapi?" aliuliza mkamwana.

"Kwenye sinki."

Alikwenda jikoni. Hakupiga kelele, na Sista alitamani apige. Alisimama mbele ya sinki akitazama lile tundu, mikono imeshika ukingo, mgongo wake tu unaonekana. "Nilikuwa nakamua hapo kwenye kiti," alisema bila kugeuka, "na wewe uko hapo unamenya vitunguu. Ulikuwa unaniona." Akageuka. "Kesho anakwenda kwa mama yangu."

"Sawa," alisema Sista.

Siku mbili zilizofuata alibaki peke yake nyumbani na ile karatasi, mpaka alipoibandua. Mkamwana alimsalimia asubuhi na jioni kwa adabu zote, salamu ya mtu anayepita mapokezi ya ofisi. Mtoto alirudi amelala, ananukia moshi, ana doa jeusi nyuma ya sikio. Sista alilifuta kwa kitambaa chenye maji, akajiona anavyolifuta kwa hasira, akaacha.

Siku ya tatu alipanda gari akashuka mbele ya kiwanda cha mashati. Banda la Mama Makaa lilikuwa ng'ambo ya lango: magunia yamepangwa mpaka darini, makopo ya kupimia, benchi moja. Kibonge alikuwa amekalishwa ndani ya beseni lililotandikwa shuka, anatazama wateja kama mwenye duka. Mama Makaa alikuwa anapima makaa kwenye kopo.

"Nina wivu na wewe, mkwe," alisema Sista, hata salamu hajamaliza. "Nimekuja nikwambie. Nikikaa nao nyumbani utaniua."

Mama Makaa alimmiminia mteja makaa yake, akaongeza vipande viwili vya juu, akafunga mfuko. Mteja alipoondoka alikung'uta mikono.

"Unadhani uko peke yako?" alisema. "Binti yangu aliposhikwa na uchungu alisema anamtaka Sista aingie naye. Mimi niliyemzaa nilikaa benchi la nje na mfuko wa nguo za mtoto. Nikawa namsikia ukutani. Analia, anaita mama, mama. Na anayeitika ni wewe."

Sauti ile ya ndani Sista aliikumbuka vizuri, na jinsi alivyoitikia.

"Nilirudi kwangu nikawaambia watu nina homa," alisema Mama Makaa. "Nililala siku mbili. Homa gani? Wivu tu." Alimwinua Kibonge kutoka kwenye beseni, akampakatisha Sista, akamwekea kikombe mkononi. "Haya, mshike. Nina wateja."

Sista alikaa kwenye benchi, mtoto uso nje kuelekea barabarani, gauni lake la maua likiwa limeshapata vumbi. Hakumtazama. Alitazama lori lililokuwa linarudi nyuma kuingia kiwandani, na akauinua mkono taratibu. Kibonge alijikaza. Akanusa. Akanywa funda moja, na Sista akazuia pumzi. Akanywa la pili. La tatu alilitema, akageuza shingo huku na huko kuitafuta ile sauti iliyokuwa inabishana na mteja juu ya ujazo wa kopo, na midomo yake ikaanza kukunjika.

Roho ilimuuma Sista pale pale ilipozoea kuuma. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mpana.

"Mkwe," aliita, "njoo umalizie wewe. Anakutaka wewe."